Ulinganisho: riwaya ipi ya kutisha, pamoja na filamu yake, tuinunue kwanza?

#1 Kivulini

Salaam wakuu. Kikundi chetu cha kusoma kinaanza mzunguko mpya na safari hii tumechagua hadithi za kutisha. Utaratibu ni huu: tunasoma riwaya, tunatazama kwa pamoja filamu iliyotokana nayo, kisha kila mmoja anaandika mapitio yake na tunasomeana. Fungu letu linatosha jozi moja tu, na oda lazima itoke kabla ya Ijumaa. Tumebaki na nne:

- Let the Right One In ya John Ajvide Lindqvist (2004), filamu ya Tomas Alfredson (2008)
- Ring ya Koji Suzuki (1991), filamu ya Hideo Nakata (1998)
- Annihilation ya Jeff VanderMeer (2014), filamu ya Alex Garland (2018)
- The Cabin at the End of the World ya Paul Tremblay (2018), filamu ya M. Night Shyamalan iitwayo Knock at the Cabin (2023)

Ipi inampa mwandishi wa mapitio cha kutafuna? Kwa sasa Ring inaongoza kwa kura, kwa kuwa jina lake linajulikana na kila mtu.

#2 BiKurasa

Kivulini, umeacha nje karibu kila kitu tunachohitaji ili tukujibu. Mko wangapi? Mna wiki ngapi za kusoma? Wote mnasoma Kiingereza bila taabu? Mbili kati ya hizo ziliandikwa Kiswidi na Kijapani, kwa hiyo mtasoma tafsiri na kutazama kwa manukuu. Filamu mtaitazamia wapi: runinga, projekta au kompyuta ya mkononi? Na kuna mwenzenu asiyeweza kuvumilia jambo fulani, hasa mateso ya watoto? Hilo la mwisho usiliruke, maana katika tatu kati ya hizo nne mtoto yumo hatarini.

Urefu nao upigie hesabu kabla ya ladha. Let the Right One In inakaribia kurasa 500. Annihilation ni kama 200. Nyingine mbili ziko chini ya 300 katika matoleo mengi. Mkiwa na wiki tatu, ya kwanza inataka kurasa 24 kila siku bila kukosa, na Annihilation inataka kumi tu. Mwezi ukiwa na shughuli nyingi, nusu ya kikundi itafika kwenye filamu haijamaliza kitabu, na hapo ulinganisho umekufa.

#3 Mkesha

Let the Right One In, bila kusita. Aliyeandika riwaya ndiye aliyeandika mswada wa filamu. Kila kilichokatwa kimekatwa na mwenyewe, kwa hiyo mhakiki hawezi kujificha nyuma ya ile lawama ya siku zote kwamba mwongozaji hakuielewa riwaya. Inabidi aeleze kwa nini mwenye mali ametupa sehemu ya mali yake.

Chukueni mwanzo tu. Lindqvist anaanza na mahali: Blackeberg, kitongoji cha Stockholm ambacho kimejengwa juzijuzi, hakina historia, hakina hata kanisa, na ndiyo maana wakazi wake hawakuwa na kinga dhidi ya kilichowafikia. Filamu haina msimulizi wa kuyasema hayo. Inaanza na theluji inayoanguka gizani, kimya kirefu, kisha sauti ya mtoto. Wazo ni lile lile, kwamba hapa hakuna wa kukulinda. Ukiweza kuonyesha jinsi maelezo ya mahali yalivyogeuzwa theluji na ukimya, mapitio yako yana uti wa mgongo.

Halafu kuna sauti ya Eli, mnyonya damu mwenye umbo la mtoto. Anayeonekana ni Lina Leandersson, lakini sauti tunayoisikia ni ya Elif Ceylan, imewekwa baadaye kwa kuwa ni nzito zaidi. Mtazamaji hajui, ila sikio linakataa kukubali kwamba huyu ni mtoto wa miaka 12. Kitabu hakina koo. Msome kwa penseli mkononi mkitafuta ni kwa maneno gani mwandishi anafanya kazi hiyo hiyo.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Riwaya hii yote imekaa kwenye hilo "likakwisha": basi litakula kiasi gani, na atakayeliwa anakubali kwa sababu gani?

#4 Taa_Imezimwa

Mkesha amesema kweli ila amepita juu ya jambo zito. Riwaya ina mhusika aitwaye Håkan, mtu mzima anayeishi na Eli, na tamaa yake kwa watoto inaelezwa waziwazi, kutoka ndani ya kichwa chake, kwa kurasa nyingi. Filamu imeiondoa karibu yote. Amebaki mzee mnyonge anayeua watu kwa ajili ya Eli. Mtu aliyetazama filamu akadhani anakijua kitabu ataumia. Kivulini, liseme hilo mbele ya kikundi kabla ya kulipa, siyo wiki ya pili watu wakiwa wamefika katikati.

Halafu angalieni manukuu. Diski iliyotoka Marekani mwaka 2009 ilikuwa na tafsiri ya Kiingereza iliyopunguzwa sana ikilinganishwa na ile ya majumba ya sinema: sentensi zilifupishwa, mizaha ikafutwa, mazungumzo mengine yakaachwa bila tafsiri kabisa. Mashabiki walilalamika hadi diski zilizofuata zikawekewa manukuu ya awali, na kasha likaandikwa neno Theatrical kwenye mstari wa lugha. Mkinunua diski iliyotumika, someni mstari huo nyuma ya kasha. Filamu hii imejengwa juu ya watoto wawili wanaozungumza kidogo sana. Ukipunguza nusu ya hicho kidogo, umeondoa filamu.

Na tafadhali, mtakapoandika kwa Kiswahili, msimwite Eli mumiani. Mumiani huichukua damu akaiuze au akaifanye dawa. Eli anakunywa ili asife. Mnyonya damu inatosha.

#5 Kivulini

Asanteni. Tuko tisa. Tuna wiki tatu za kusoma. Kiingereza wote tunasoma, wawili polepole. Hakuna aliyesema hawezi kuvumilia kitu, ila sasa nitauliza vizuri zaidi. Filamu tunatazama kwa projekta. Bado nasikia Ring haijatetewa wala kupingwa.

#6 FundiGiza

Umesema projekta, basi acheni riwaya kidogo. Kuna onyesho moja la kikundi kama chenu ambalo nalijua kwa undani, na kila kosa lililofanyika pale linafanyika kila siku.

Filamu ilikuwa ya Kijapani, nusu yake usiku. Projekta ya kawaida, ukuta wa rangi ya maziwa, pazia jembamba, saa kumi na moja jioni. Projekta haiwezi kurusha weusi. Inachoweza ni kutorusha mwanga. Weusi utakaouona ni ule ule wa ukuta projekta ikiwa imezimwa. Kama ukuta unaonekana kijivu kabla hamjaanza, kila kivuli ndani ya filamu kitakuwa kijivu hicho hicho. Watu walipolalamika kwamba hawaoni, mtu akapandisha mwangaza. Kijivu kikazidi. Akabadili mpangilio wa picha kwenda ule mkali wa michezo, ngozi za watu zikawa za buluu, na ule ulainishaji wa mwendo, ambapo kifaa hubuni picha za katikati, ukajiwasha wenyewe, kwa hiyo mwanamke aliyetakiwa kusogea kwa mikatiko akawa anateleza kama tangazo la sabuni.

Chanzo kilikuwa huduma ya kutiririsha, na mtandao ulikuwa dhaifu. Mtandao ukipungua, maeneo ya giza ndiyo ya kwanza kuharibika: badala ya kivuli kinachofifia taratibu unaona ngazi na vibokisi vinavyotetemeka. Jicho linakwenda kwenye vibokisi na kukiacha kilichojificha pembeni, ambacho ndicho mwongozaji alitaka ukitafute.

Sauti ilitoka kwenye spika ya ndani ya projekta, wati chache, nyuma ya vichwa vya watazamaji. Mvumo wa chini ya hezi 100 haukuwepo kabisa. Sehemu kubwa ya hofu katika filamu za aina hii imewekwa kwenye mvumo huo. Tumbo linausikia kabla ya sikio. Ukiuondoa inabaki watu wanatembea korido.

Kibaya kuliko vyote kilikuwa manukuu. Faili lilipakuliwa peke yake na lilitengenezwa kwa toleo la fremu 25 kwa sekunde, lile la televisheni na diski za zamani za Ulaya, ambalo hukimbizwa kwa asilimia 4 hivi. Nakala iliyokuwa ikichezwa ilikuwa ya 23.976. Filamu ya dakika 96 katika toleo la kukimbizwa huisha dakika ya 92. Mwanzoni kila kitu kilikaa sawa, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Kufika dakika ya 30, maneno yalikuwa yanatangulia kwa zaidi ya dakika moja. Watu walisoma "usiifungue" wakati mlango bado haujaonekana. Mtu akayasogeza nyuma sekunde 70, yakakaa sawa kwa muda, yakaanza kutangulia tena. Kuyasogeza hakusaidii. Inabidi kuyanyoosha kwa uwiano wa 25 kwa 23.976, yaani kuzidisha kila muda kwa 1.0427, na programu yoyote ya kuhariri manukuu ina sehemu ya kubadili kasi ya fremu.

Wiki iliyofuata yaliletwa mapitio, mengi yakisema filamu haitishi na imezeeka. Yalikuwa mapitio ya chumba.

Kwa hiyo, kwa utaratibu:

Zibeni madirisha kwa kitu kizito, siyo pazia, au subirini usiku wa kweli. Chagueni mpangilio wa picha wa sinema. Kwenye vifaa vingine umeandikwa Cinema au Filmmaker. Zimeni ulainishaji wa mwendo. Tafuteni tukio la gizani lenye nguo nyeusi, shusheni mwangaza hadi mikunjo ya nguo ipotee, kisha pandisheni hatua moja moja hadi irudi, muachie hapo. Spika mbili za nje, kushoto na kulia mwa picha, kimo cha masikio ya waliokaa. Wekeni kiwango cha sauti kwa mazungumzo ya kawaida, halafu mtu asiguse tena hata kama mlio mkubwa umemkera. Mlio huo umepimwa kwa kulinganishwa na mazungumzo. Kama kifaa kina mpangilio wa sauti ya usiku, uzimeni, maana kazi yake ni kubana tofauti hiyo. Na jaribuni manukuu sehemu tatu: dakika ya 2, ya 40, na mwisho.

Nunueni diski, au pakueni filamu nzima kabla kama huduma inaruhusu. Msitiririshe moja kwa moja siku ya onyesho.

#7 Popo

FundiGiza, asante. Na maelezo yako yananipa hoja: Annihilation ndiyo salama kwa projekta, kwa sababu sehemu yake kubwa imewekwa mchana. Msitu unameremeta, maua ya aina nyingi yanaota kwenye shina moja, nuru ya jua ina rangi ya mafuta juu ya maji. Chumba kisipokuwa giza kamili mtapoteza kiasi, siyo vyote.

Kwa mhakiki hii ni dhahabu. Garland alisema waziwazi kwamba hakukirudia kitabu alipoandika mswada. Aliandika kutokana na kumbukumbu yake ya kukisoma. Linganisheni na ya Mkesha, ambayo mwandishi alijitafsiri mwenyewe. Hapa mna ndoto ya kitabu.

Angalieni kilichobaki na kilichoanguka. Kitabuni wanawake wanne wanaotumwa kuchunguza eneo la ajabu hawana majina, ni mwanabiolojia, mwanasaikolojia, mpima ardhi na mwanaanthropolojia, na tunasoma daftari la mwanabiolojia. Filamu ina watano, wana majina. Kitabuni kuna jengo linaloshuka ardhini. Wenzake wanaliita handaki, yeye peke yake analiita mnara, na kutani kuna maandishi yaliyo hai, yanaota kama kuvu. Filamu haina jengo hilo. Ina mnara wa taa ufukweni, ambao kitabuni pia upo. Dubu mwenye sauti ya marehemu yumo kwenye filamu tu.

Jiulizeni kwa nini handaki limekatwa. Nionavyo, hofu yake iko kwenye ubishi wa jina. Msomaji anaambiwa "mnara" huku akiona ngazi zinashuka, na vitu viwili vinagombana kichwani mwake kitabu kizima. Kamera ingeonyesha shimo lenye ngazi, ugomvi ukaisha.

#8 BiKurasa

Popo, nakipenda kitabu hicho, lakini je, ni cha kutisha? Wengi watakiweka rafu ya sayansi ya kubuni. Kivulini alisema hadithi za kutisha.

#9 Popo

Kilipata tuzo ya Nebula, ya sayansi ya kubuni na fantasia, na Shirley Jackson, ya hofu na mashaka ya kisaikolojia, zote kwa vitabu vya mwaka 2014. Rafu zote mbili zimekikubali.

#10 Chemchemi

Ubishi huu unatokana na neno. Kiswahili kinatupa maneno manne na sisi tunatumia moja. Kushtua ni kazi ya mwili: mlio, mkono begani, umeruka, umekwisha. Kutisha kuna kitisho ndani yake, kitu kinachokuja na unajua kinakuja. Kinyaa ni cha tumbo, damu na usaha. Na kuna kule kusisimka mwili, vinyweleo vinasimama na huwezi kuonyesha kwa kidole ni nini kimevisimamisha. Annihilation karibu haishtui, inatisha kiasi, na inasisimua mwili mwanzo hadi mwisho. The Cabin inatisha tangu mgeni wa kwanza anapomsogelea mtoto bustanini. Mhakiki anayeandika "filamu inatisha sana" hajasema kitu. Aseme ipi kati ya hizo nne, na kwa zana gani.

Zana zinapimika. Kaa na saa. Andika dakika muziki ulipokata, dakika mlio ulipokuja, na kilichosababisha mlio. Mfano wa kale ni Cat People ya 1942: mwanamke anatembea usiku, hatua zinamfuata, hatua zinanyamaza, na kinachoingia kwa kishindo ni basi la abiria, breki zake zikilia kama mnyama. Mtayarishaji alikuwa Val Lewton, na hadi leo mafundi huita mshtuko wa uongo wa aina hiyo basi la Lewton. Filamu yenye mabasi matano ndani ya saa moja inakufundisha usiamini ukimya wowote, na kufika tukio la kweli umeshachoka. Hesabuni mabasi. Ni takwimu moja yenye manufaa kuliko nyota tano.

Kitabu hakina basi. Huwezi kumshtua msomaji anayeona mwisho wa aya kwa jicho la pembeni.

#11 Mkesha

Hapo nakataa, Chemchemi. Kitabu kinashtua, tena vibaya zaidi, kwa sababu hakuna muziki wa kukuandaa. Katikati ya The Cabin kuna tukio ambalo filamu haikulichukua kabisa. Tremblay halipigii ngoma. Unasoma, unapita, halafu unarudi kuhakikisha umesoma ulichosoma. Kurudi huko ndiko kushtuka kwa msomaji.

#12 Taa_Imezimwa

Mkesha, nusu umeshavujisha. Sasa yeyote atakayesoma uzi huu atakaa anasubiri katikati.

Kivulini, wekeni kanuni kabla ya mapitio ya kwanza. Inayofanya kazi ni hii: sehemu ya juu ya mapitio isivuke theluthi ya kwanza ya kitabu au dakika 30 za filamu. Kama hoja yako inahitaji mwisho, na kwa jozi ya Tremblay itahitaji kwa kuwa filamu imeugeuza mwisho, andika mstari mmoja wa onyo, acha nafasi, kisha sema kila kitu bila kumung'unya. Mapitio ya kumung'unya yanaudhi pande zote mbili. Na usiseme "kuna mgeuko mkubwa". Hilo nalo ni kuvujisha.

#13 Mkesha

Nimekubali, nimekosa. Ila bado kitabu kinashtua.

#14 Kivulini

Ring wakuu. Oda ni Ijumaa.

#15 Chemchemi

Ring basi. Mnaipigia kura kwa sababu ya tukio la runinga, mzuka Sadako akitoka ndani ya kioo, sivyo? Halimo kwenye riwaya. Limebuniwa kwa ajili ya filamu. Wapiga kura wenu wanakinunua kitabu wakisubiri kitu ambacho hakitafika, na hilo linabadilisha jinsi watakavyokisoma.

Riwaya ya Suzuki ni ya upelelezi. Mwandishi wa habari, mwanamume, Asakawa, ametazama mkanda wa video unaoua, na ana siku saba za kujua alichokitazama na cha kufanya. Anachambua mkanda kipande kwa kipande kama daktari. Maelezo yanaelekea kwenye virusi, na ndui ina nafasi yake. Nakata amemgeuza Asakawa kuwa mwanamke anayelea mtoto peke yake, ameondoa sehemu kubwa ya maelezo ya kitabibu, na palipokuwa na ufafanuzi ameweka kitu kisichoelezeka. Sadako anayetembea vile ni Rie Inō, aliyefunzwa kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani. Alitembea kinyumenyume, kisha picha zikarudishwa mbele. Ndiyo maana viungo vinaonekana kujongea kwa amri ya mtu mwingine. Kwa projekta yenye ulainishaji wa mwendo, tukio hilo hufa, FundiGiza ameshaeleza.

Swali zuri la mapitio: riwaya inaogopesha kwa kueleza, filamu kwa kukataa kueleza. Ipi inakaa nawe baada ya wiki? Na hakikisheni mnaagiza ya 1998. Ya 2002 ya Gore Verbinski ni ya Marekani, ina dakika 115 na mantiki yake nyingine. Maduka ya mtandaoni huzichanganya.

Kasoro ya kitabu: rafiki yake Asakawa, Ryuji, anajigamba kwamba ni mbakaji, na simulizi haliharakishi kumhukumu. Liwekeni kwenye angalizo lenu pamoja na la Håkan.

#16 Ukungu

Mbona hakuna aliyetaja His House ya Remi Weekes, 2020? Wakimbizi wawili wa Sudan Kusini, Bol na Rial, wanapewa nyumba Uingereza na hawaruhusiwi kuihama. Swali la kila hadithi ya nyumba yenye mizuka, mbona hawaondoki, limejibiwa na sheria. Sijaona jibu bora.

#17 BiKurasa

Ni filamu nzuri sana. Haina riwaya, Ukungu. Wanatafuta jozi.

#18 Ukungu

Basi sharti la jozi linawabana. Mkiliondoa, mnaweza kusoma Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001), mzuka wa babu ukimrudia mjukuu anayeitwa K, na kuitazama His House pembeni yake. Zote mbili zina marehemu anayekuja kudai. Mtalinganisha deni na mdaiwa, na mtakuwa na Kiswahili tayari cha kuandikia, badala ya kuanza kutafuta neno la kila kitu kutoka Kiingereza.

#19 Popo

Hilo ni wazo zito, lakini kwa mzunguko wa kwanza linahitaji mtu wa kuongoza mjadala. Jozi ya kitabu na filamu yake inajiongoza.

#20 BiKurasa

Kabla hatujapotea: mtatoa alama? Mkitoa nyota moja kwa kazi nzima mtabishana kuhusu nyota usiku kucha. Tenganisheni tatu: inakusudia kufanya nini kwa msomaji, imefanya kwa kiasi gani, na ilistahili kufanywa? Mtu anaweza kumpa Håkan alama ya juu kwa la pili na sifuri kwa la tatu, na hapo mnajadili kitu.

#21 Kivulini

Nimewasomea wenzangu uzi wote. Kura zimehama: Let the Right One In nne, Annihilation nne, mmoja amebaki na Ring. Cabin imeondoka. Mwenzetu mmoja ameomba kitabu chenye Håkan asikisome, na amesema atakubali filamu.

Jambo jingine ambalo sikulitaja: chumba chenye projekta tunakipata kwa saa mbili kamili, hakuna kuongeza.

#22 FundiGiza

Hilo lingekuwa la kwanza, mkuu. Kuziba madirisha, kuweka spika na kujaribu manukuu ni dakika 20 kwa watu wenye mazoezi. Let the Right One In ni kama dakika 115. Annihilation ni 115. Zote zinavuka kwa kama robo saa. Ring ni 96. Inaingia, mnabaki na dakika nne. Knock at the Cabin ni 100, inaingia bila dakika ya kupumua, lakini mmeshaiondoa.

#23 Popo

Gaweni Annihilation siku mbili. Ina vichwa vya sehemu ndani yake, ina mahali pa kukatia.

#24 Mkesha

Msigawe. Hofu inajengwa kwa kuzuiliwa kutoka. Mtu akienda kulala nyumbani katikati, kesho anarudi na mwili uliopoa, na dakika 20 za kwanza zinatumika kuupasha moto upya. Kitabu unakigawa mwenyewe kwa kuwa wewe ndiye uliyekifunga. Afadhali muwekeni mtu mmoja afike mapema azibe madirisha kabla saa zenu hazijaanza kuhesabiwa.

#25 Kivulini

Mapema hatufunguliwi. Na spika za nje bado hatuna. FundiGiza, runinga ya inchi 43 kwa watu tisa, chumbani kwa mtu, usiku, bila kikomo cha saa: ni bora kuliko projekta ya saa mbili?

#26 FundiGiza

Kwa giza na sauti, ndiyo. Kwa ukubwa, wa safu ya nyuma wakikaa zaidi ya mita mbili na nusu hawatasoma manukuu vizuri. Taja kwanza runinga ni ya aina gani, na kama anayelala chumba cha pili atakubali sauti ya kiwango cha mazungumzo ya kweli saa nne usiku.